Masika Niliyouza Nyati

2 Machi
Mvua ya kwanza imeshuka leo saa nane nguo za mwanangu Kibonge zote zikiwa kambani. Nimezianua mbio, soksi moja imekwenda na mtaro. Naandika hapa kwa sababu mambo mengine nikimwambia mume wangu anacheka, na nikimwambia mtu wa nje yanafika sokoni kabla yangu.

La leo ni hili. Mama Pacha, wa mlango wa tatu kutoka kwetu, ameweka picha ya sweta la manjano kwenye kundi la simu la mtaa wetu. Mimi na yeye tulifundishwa kufuma na mtu mmoja, Bibi Fundi, tukikaa benchi moja. Sweta lile nililiona jana kwake kwa macho yangu. Ni zuri, sikatai. Lakini kwenye picha lilikuwa linawaka kama kiini cha yai. Mioyo ikamiminika. Mmoja akaandika, "Nifumie matatu kama hilo."

Mimi nilikuwa nimeweka langu la bluu tangu asubuhi. Jibu lilikuja moja tu: "Samahani mama, hilo ni sweta au umepiga ukuta?"

Simu yake ni Malaika. Yangu ni Nyati, ninayo tangu sijaolewa.

4 Machi
Mvua. Kibonge anaota jino, amenitafuna kidole.

7 Machi
Mume wangu ni fundi bomba, na masika ni msimu wake, hatulii. Leo amerudi mapema kidogo, amekaa anakunywa chai, miguu kwenye beseni. Nikasubiri ameze.

"Umempigia moyo Mama Pacha."

"Nani?"

"Wewe. Kwenye kundi. Moyo mwekundu."

"Aa, lile sweta? Zuri lile."

"Langu la bluu hukulipigia."

"Lako wewe! Nalala nalo nyumba moja, nilipigie moyo wa nini?"

"Kwa hiyo kinacholala nyumba moja na wewe hakipati moyo."

Akamtazama Kibonge kana kwamba mtoto wa mwaka mmoja atamwokoa. Kibonge akamtupia kijiko. Huyu mtoto ana akili.

Baadaye akasema taratibu, "Mama Kibonge, mbona unataka kugombana na sweta?" Sigombani na sweta.

11 Machi
Bibi Fundi ametuita sote wawili kwake. Tumemwamkia, tumekaa kwenye benchi lile lile, Mama Pacha na pacha wake wawili wametulia kama picha, mimi na Kibonge anayetaka kula rimoti.

Bibi Fundi amesema macho yamechoka na magoti yamechoka. Mvua zikiisha anahamia kwa mwanawe. Mashine yake ya kufuma, ambayo mimi ndiye ninayeikodi na iko chumbani kwangu, anaiuza. Atalipwa kidogo kidogo kutoka kwenye kazi, ila anataka kumwachia mtu mwenye kazi.

"Mashine ni kama ng'ombe," alisema. "Simwachii mtu wa kuitazama. Namwachia mtu wa kuikamua."

Mama Pacha akasema, "Bibi, mimi wateja ninao mpaka nawarudisha. Nikipata ya pili nitapumua."

Anayo yake tayari! Anataka ya pili! Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mashine ile ikiondoka mimi narudi kufanya usafi kwenye ile hosteli. Kutoka alfajiri mtoto amelala, kurudi mtoto amelala. Nilifanya hivyo miezi mitatu baada ya kujifungua, na siku moja Kibonge alinikataa mikononi, akamnyooshea mikono dada wa kumlea. Sirudi huko.

15 Machi
Nimeuza Nyati.

Nilikwenda kwa fundi simu wa pale kona. Aliigeuza, akaipangusa kwa fulana yake.

"Dada, Nyati haiuzwi. Nyati inarithiwa."

"Nataka inayopiga picha."

"Hii haipigi?"

"Inapiga kama askari. Nataka inayopiga kama mpiga picha."

Akacheka, akanipa Malaika, nikaongeza juu pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya godoro la Kibonge. Ina kioo kama maji. Nimerudi nyumbani nimeifunika na kitambaa cha mtoto isinyeshewe, mtoto mwenyewe kanyeshewa.

16 Machi
Jamani Malaika! Nimelipiga lile lile la bluu. Limekuwa bluu ya kifalme. Nimempiga Kibonge: kipele cha mbu hakipo, makamasi hayapo, ngozi kama yai lililomenywa. Nimeweka zote mbili kwenye kundi. Mioyo arobaini na kitu! Na Mama Pacha naye kapiga, mmoja, mdogo, wa zambarau. Zambarau maana yake nini?

17 Machi
Mama yangu mzazi kapiga simu. "Mwanangu, picha nimeiona. Mbona mtoto kapauka? Anakula?"

Watu wa kale hawajui teknolojia.

22 Machi
Leo niandike vizuri.

Mwalimu mkuu wa ile shule ya chekechea ya juu kule amekuja mwenyewe, na mwavuli, mlangoni kwangu. Sio mlango wa tatu. Kwangu! Amesema ameona picha zangu kwenye kundi. Baridi inakuja, anataka kila mtoto wa shule yake awe na sweta siku ya kufungua muhula mpya. Shule nzima. Alikuja na sweta la zamani la mtoto mmoja kama mfano. Rangi ni damu ya mzee, shingo ya herufi V, mistari miwili ya kijivu mkononi.

"Rangi ndiyo shule," alisema. "Nikiwaona barabarani nijue hawa ni wangu."

Sweta lilikuwa moja tu na mwenyewe alikuwa analilia nyumbani, kwa hiyo hakuliacha. Nikalipiga picha na Malaika pale pale dirishani.

Wakati anatoka, Mama Pacha alikuwa anazoa maji mlangoni kwake. "Shikamoo mwalimu," kasema, sauti ya asali. Halafu akanitazama mimi. Nilitamani nimpige picha pale pale, na Malaika asingeweza kumrembesha. Mungu nisamehe. Nimekula kwa hamu leo.

23 Machi
Daraja la kwenda mjini maji yamepanda juu yake. Nimemtumia mwenye duka la nyuzi ile picha, nimemwambia anitafutie uzi unaofanana kabisa. Kanijibu, "Nimepata, sawa sawa." Gari la mizigo litazungukia njia ya juu.

28 Machi
Uzi umefika, magunia mawili. Nimeuweka karibu na picha kwenye simu: kufanana tu, kama kulwa na doto. Mume wangu akainama akautazama.

"Rangi gani hii?"

"Damu ya mzee."

"Mzee gani? Huyu mzee ana miaka ishirini."

"Tazama picha basi!"

"Picha naiona. Nauliza tu. Mama Pacha unajua alifuma lile la..."

Sikumwacha amalize. Jina hilo nyumbani kwangu sikutaka kulisikia, siku hiyo hasa. Nikamwambia kama rangi za Mama Pacha ndizo zinazompendeza, mlango uko wa tatu, asikosee kuhesabu. Akachukua mfuko wake wa spana akatoka kwenye mvua.

29 Machi
Nafuma.

30 Machi
Nafuma. Kibonge amelala chini ya meza, mlio wa mashine ndio bembelezo lake.

2 Aprili
Nafuma. Mvua haijakata. Mama Pacha amepita na ndoo, kachungulia dirishani, kafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu. Nikaongeza kasi ya mashine. Akapita.

6 Aprili
Nimepeleka fungu la kwanza shuleni, nimelifunga kwa nailoni, Kibonge mgongoni. Nilijiona mtu.

Mwalimu mkuu alifungua, akatoa moja, akalinyanyua. Akatoa la pili kana kwamba la pili litakuwa tofauti.

"Mama Kibonge," akasema, "watoto wangu wanakuja kusoma au wanakwenda kuzima moto?"

Nilidhani ni utani. Nikacheka. Hakucheka. Akamwita mpishi wa shule amlete mtoto mmoja anayesubiri mama yake. Mtoto akaja na sweta la zamani, akasimama karibu na langu. Damu ya mzee na nyanya. Hata kipofu angeona. Yule mtoto akagusa langu akasema, "Hili la zimamoto nalitaka mimi," na mpishi akageuka ukutani, mabega yanamtikisika.

Nilitoa simu nimwonyeshe picha, kwamba mimi nilifuata rangi yake. Mwalimu akatazama picha, akatazama sweta lililo mwilini kwa mtoto, akatazama picha tena. "Hii simu yako imemwona mtoto mwingine," akasema.

Kisha kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi: "Muda umebaki mdogo. Nakuachia nusu. Nusu nampa mwenzio wa pale kwenu. Yote yafanane, mama. Yakiwa rangi mbili sichukui hata moja."

Nusu nampa mwenzio. Nimetembea na hilo neno njia nzima. Nilipofika, habari ilikuwa imenitangulia. Mama Pacha alikuwa mlangoni. "Pole, mwenzangu," kasema. Pole! Ningemeza mwavuli mzima kuliko kumeza hiyo pole.

Nimelia nikimnyonyesha Kibonge. Alinishika pua, akadhani ni mchezo.

7 Aprili
Nimekaa na Malaika kama hakimu na mshitakiwa. Nimepiga picha mkono wangu wa kulia, wenye kovu la pasi. Kovu halipo. Kovu nililo nalo tangu nina miaka kumi, Malaika kalifuta kwa adabu kabisa. Ndipo nikaelewa: hii simu haiwezi kuona kitu kikiwa kilivyo, lazima ikirembe. Imeona damu ya mzee ikaihurumia, ikaipa ujana.

Nimempelekea fundi simu aizime hiyo tabia. Akabonyeza, akabonyeza. Sura ikarudi, kovu likarudi. Rangi zikagoma.

"Malaika akishazoea kusifia," alisema, "huwezi kumfundisha kusema kweli."

Akanishauri Duma. Duma ina mbio, alisema. Nimebadilishana.

9 Aprili
Duma ina mbio kweli, ya kukuletea matangazo. Nataka kumpigia mume wangu, linanirukia tangazo la dawa ya kunyoosha nywele. Nabonyeza alama ya kufunga, lafunguka tangazo la viatu. Mume wangu akapokea mwishowe.

"Vipi?"

"Nimesahau nilitaka nini. Unahitaji viatu?"

Tumecheka. Kwa mara ya kwanza tangu ule ugomvi. Nimemwomba radhi kwa mambo ya mlango wa tatu. Kasema, "Siku ile nilitaka kukwambia Mama Pacha alishawahi kurudishiwa lile la manjano. Mteja alisema sio rangi aliyoiona." Kumbe! Nimelala usingizi mtamu, sijui kama ni wa msamaha au wa kusikia karudishiwa.

11 Aprili
Umeme umekatika na mvua. Duma imekufa kabla ya saa saba mchana. Betri yake ni ya mkimbiaji, sio ya msafiri. Jioni umeme uliporudi nikakuta mwenye duka la nyuzi kanitafuta alasiri nzima mpaka kachoka, na mwalimu mkuu kanitafuta mara mbili. Nikatoka mbio kwenda shuleni, ila sikufika mbali. Mlango wa tatu ulikuwa wazi. Mwalimu mkuu yuko ndani, anakunywa chai, kamshika pacha mmoja mapajani, wanazungumza vipimo vya mikono.

"Nilikupigia," akaniambia. "Hupatikani. Nikaona nimalizane na huyu."

Nikasema simu ilizimika. Mama Pacha akasema, "Simu za siku hizi," kwa kunitetea. Sitaki anitetee. Nilisimama pale natiririka maji kwenye zulia lake, na zulia lenyewe, hata mimi nakiri, limechaguliwa vizuri.

13 Aprili
Nimerudi kwa Nyati.

Fundi simu aliponiona na Duma mkononi hakuniuliza. Alifungua droo. "Karibu nyumbani," alisema. Ile yangu alishamuuzia mlinzi mmoja ambaye haitoi hata kwa dawa. Hii ni nyingine, imetumika, ina mkwaruzo mgongoni, lakini ni Nyati. Nimeishika, kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha pembeni, hakikuuliza njia. Herufi ziko pale pale nilipoziacha. Nimesikia kama mtu aliyelala ugenini wiki nyingi, akarudi, akaujua mto wake gizani kwa shimo lake.

Nimepanda shuleni. Mwalimu mkuu alinikatia uzi mfupi kwenye pindo la lile sweta la mfano. Nimeupiga picha. Picha imetoka imenuna, rangi imepooza, kovu langu la pasi limejitokeza pembeni na ukucha uliokatika. Kila kitu kama kilivyo. Nimeituma kwa mwenye duka la nyuzi. Kanijibu kwa sauti:

"Sasa hii ndiyo damu ya mzee, dada! Ile ya kwanza nilidhani mnaanzisha timu ya mpira."

17 Aprili
Uzi umefika. Nimeulaza kando ya ule mfupi, mchana kweupe, na nikamwita mume wangu kwa hiari yangu mwenyewe. Akaupeleka mlangoni kwenye mwanga, akaurudisha.

"Huyu mzee sasa anakubalika. Ana wajukuu huyu."

Nafuma.

18 Aprili
Sijui niandike vipi la leo.

Mama Pacha hajaanza nusu yake. Pacha mmoja alikuwa na homa, wiki nzima amekuwa wa kuingia na kutoka zahanati. Leo mtoto kaamka vizuri, na mchana nikiwa kambani nimemwona Mama Pacha ngazini, kaliweka lile sweta la mfano kwenye ngazi ya tatu, kachuchumaa, analipiga picha. Na Malaika.

"Namtumia mtu wa nyuzi," kaniambia. "Leo sina bando, kesho asubuhi namtumia. Uzi wako uliupata wapi wewe, pale pale?"

"Pale pale," nikasema.

Na nikanyamaza.

Nilikunja nguo nikaingia ndani. Nikakaa. Nikajua kabisa kitakachotokea: atatuma picha, atapata nyanya, atafuma nyanya, atapeleka nyanya. Mwalimu atarudi kwangu. Bibi Fundi atasikia. Mashine hii iliyo mbele yangu itakuwa yangu, na sitakuwa nimemfanyia mtu ubaya wowote. Nimefua, nimeanua, nimekunja. Kosa langu liko wapi?

Utamu niliousikia ni aibu kuuandika. Nilifuma mkono mzima wa sweta bila kuuona.

19 Aprili
Asubuhi nilikuwa namvalisha Kibonge, analilia fulana yake ya zamani, mpya hataki. Ghafla nikamwona yule mtoto wa shuleni aliyesimama karibu na sweta langu. Nikawaza, wale wa nusu ya Mama Pacha, siku ya kufungua, wamepangwa mstari mmoja na wenzao. Wataitwa nyanya mpaka mwaka uishe. Na mwalimu alisema yakiwa rangi mbili hachukui hata moja, kwa hiyo hata wivu wangu haukuwa na akili. Lakini sio akili iliyoninyanyua. Ni wale watoto.

Nikaenda mlango wa tatu na Kibonge kiunoni.

"Umeshatuma ile picha?"

"Ndiyo nanunua bando."

"Usitume. Malaika inadanganya rangi. Ndiyo iliyonimaliza mimi."

Mama Pacha akanitazama. Ana macho mazuri, hilo nalo.

"Wewe jana ulikuwa kambani pale. Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Na leo unaniambia nisitume, siku zinakwisha, mimi ndiyo kwanza naanza. Mama Kibonge, unadhani sijui? Tangu niweke lile la manjano hunisalimii mpaka nikusalimie. Mume wako aliziba bomba langu, ukanuna wiki. Wivu mwingine hata haya hauna."

Ningejitetea vipi? Yote ni kweli. Nilitoa Nyati mfukoni nikaiweka juu ya mashine yake.

"Piga na hii, utume kwa hii. Namba ya mtu wa nyuzi imo. Linganisha mwenyewe."

"Na simu yako je?"

"Kaa nayo mpaka akujibu."

Nikatoka kabla sijabadili mawazo. Nilibadili mawazo kabla sijafika mlango wa pili.

Mchana mzima sina simu. Iko kwake. Picha zangu ziko kwake, ujumbe wa mume wangu uko kwake, na kama mwalimu mkuu akipiga, atapokelewa na sauti ya asali. Anaweza kusema lolote. Anaweza kusema, mwenzangu ameshindwa, kaniachia. Mume wangu je, akipiga? Atasema "mpenzi" kabla hajajua ni nani. Nilifuma, nikakosea, nikafumua, nikakosea tena. Mvua ikanyesha, ikakata, ikanyesha.

Alikuja saa kumi jioni, pacha mmoja kila upande.

"Mwalimu alipiga," akasema.

Moyo ukashuka mpaka kwenye kandambili.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia mwenye simu anafuma, nitamwambia akupigie. Na mumeo alipiga."

"Akasema nini?"

"Alisema 'mpenzi wangu.' Nikamwambia, mpenzi wako ni mlango wa kwanza, leo umekosea kuhesabu."

Kumbe kuta zetu ni nyembamba kiasi hicho. Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, na mimi sikuweza kujizuia. Kibonge akacheka kwa sababu tunacheka, pacha wakacheka kwa sababu ya Kibonge.

Halafu akaacha kucheka, akaweka simu zote mbili mezani kwangu, sweta moja, picha mbili. "Nilipiga na zote," akasema. "Ya kwako imenuna kama sweta lenyewe." Akaigeuza Malaika kifudifudi. "La manjano nilirudishiwa. Na la waridi. Nilidhani watu wananionea wivu."

22 Aprili
Uzi wake umefika. Damu ya mzee. Nafuma, anafuma, mvua ikitulia nasikia mashine yake. Ana kasi kuliko mimi. Nimeongeza.

27 Aprili
Nafuma. Kibonge amepiga hatua mbili, kaanguka, kapiga ya tatu kwa makalio.

3 Mei
Shule imefunguliwa. Nilisimama ng'ambo ya barabara na Mama Pacha, hatukupanga, tulikutana tu. Watoto wamepita mstari mmoja, wote rangi moja. Nikamwuliza, "Yako ni yapi?" Akatazama, akatazama. "Sijui," akasema. "Yako?" Na mimi sikujua.

8 Mei
Bibi Fundi amekuja na fimbo yake kuchagua. Alikuwa amepita shuleni kwanza. Tukakaa, mimi na Mama Pacha, kwangu safari hii, kwa kuwa mashine iko hapa.

"Nimeyatazama," alisema. "Nimeyageuza ndani nje. Siwezi kusema lipi ni la nani. Nyote wawili mna mkono wangu. Kwa kufuma hakuna aliyemshinda mwenzake."

Nikamvuta Kibonge mapajani.

"Kwa hiyo namwachia asiye nayo. Mwenye moja tayari, ya pili italala na njaa. Mama Kibonge, ng'ombe ni wako."

Nilishukuru, nilimshika miguu, nililia. Ni yangu. Sirudi hosteli. Kibonge atalala chini ya meza hii mpaka aizidi urefu.

Lakini ndani kabisa kuna kitu kilichuchumaa hakikutaka kuinuka. Nilitaka nishinde, nimepewa kwa sababu sina. Nilimwambia hivyo Mama Pacha wakati namsindikiza, sijui kwa nini nilimwambia yeye.

"Ningekuwa mimi," alisema, "ningechukua nikanyamaza." Sauti yake haikuwa ya asali. Alikuwa anaitaka kweli ile mashine. Nikaona, na nikashangaa kwamba kumbe na yeye huwa anatamani cha mtu.

14 Mei
Mvua zinakwisha. Mama Pacha kauza Malaika, kanunua Nyati. Mpya, haijashikwa na mtu, na kava la ngozi. Haya.

16 Mei
Ameweka picha ya kwanza kwenye kundi. Sweta la kijani, la kawaida kabisa, Nyati kama Nyati yangu, haikuliongezea kitu. Lakini kalivalisha pacha mmoja, kamkalisha ngazini jua la asubuhi likiingia kwa upande, mwenzake kaukamata mkono wa sweta kama anataka kuuvua. Unaliona joto lake. Unataka kuwa na mtoto ili umvalishe.

Nimeiangalia sana. Basi haikuwa simu. Miezi yote hii nimebadilisha simu tatu, na haikuwa simu. Ni jicho lake. Hilo haliuzwi kwa fundi pale kona.

Umeniuma, wivu huu wa leo. Ule wa kwanza nilikuwa na wa kumlaumu.

19 Mei
Nimekwenda mlango wa tatu. Nilizunguka kambani mara mbili kwanza.

"Mama Pacha, nataka unipigie picha masweta yangu."

"Kwa simu gani?"

"Hii hii yangu."

"Na mimi nitapata nini?"

"Kila jioni mashine yangu imepumzika. Njoo ufume. Utakuwa nayo ya pili, ila usiku inalala kwangu."

Akafikiri, kainamisha kichwa, hata akifikiri amependeza. "Mlete Kibonge kesho asubuhi," akasema, "umuogeshe, lakini usimtie mafuta usoni, anang'aa kama sufuria."

21 Mei
Jua. Nguo zimekauka kabla ya saa sita.

Jioni mume wangu kafungua kundi, miguu kwenye beseni kwa mazoea tu, maana matope yamekwisha. Akaikuta picha: Kibonge na lile sweta la bluu, lile nililoambiwa ni ukuta, kasimama mwenyewe kashika nguzo ya ngazi, kipele cha mbu shavuni, anamcheka mtu aliye nyuma ya simu. Mume wangu akaipigia moyo palepale mbele yangu, kwa kelele, ili nione.

"Mke wangu," akasema, "sasa umejua kupiga picha."

Maneno hayo niliyasubiri tangu Machi. Yalikuwa pale, yamewekwa mbele yangu kwenye sahani. Kibonge alikuwa amenishika goti.

"Amepiga Mama Pacha," nikasema.

Jina lilipita kooni kama uzi mnene kwenye tundu la sindano ndogo, ilibidi nilowanishe ncha kwanza. Lakini lilipita.